Mkono Unaojua Kukataa

Belo la blauzi za kike linalouzwa Dar es Salaam kwa kawaida huwa na kilo 45. Blauzi nyepesi ina gramu 150 hivi, nzito kidogo 200, kwa hiyo ndani ya ile nailoni iliyofungwa mikanda mna vipande zaidi ya mia mbili vilivyobanwa kwa mashine hadi vikawa tofali moja. Mikanda inakatwa, tofali linavimba, na watu waliolizunguka wananyoosha mikono kwa pamoja. Dakika chache baadaye vilivyo bora vimeshapata wenyewe. Anayefika saa mbili asubuhi, akiwa amekunywa chai yake vizuri, anachagua katika vilivyoachwa, ingawa rundo bado ni kubwa na kwa jicho lisilozoea linaonekana halijaguswa.

Nataka kuwasifu watu wa dakika zile chache. Mjini hapa tumezoea kusema mtumba ni bahati, na kwa anayenunua belo zima bila kulifungua maneno hayo yana ukweli: amelipia kilo 45 za asichokijua, mzigo ukitoka vizuri anacheka, ukitoka mbovu imekula kwake. Ila ndani ya biashara hiyo hiyo kuna kazi nyingine, ya mchaguaji. Yeye hanunui belo. Anamlipa mwenye belo bei ya juu kwa kila kipande ili awe wa kwanza kugusa, kisha anaondoka na vipande ishirini au thelathini, akavitundike kwenye meza yake, avitembeze maofisini, au avipige picha na kuviweka kwenye simu. Kosa la mwenye belo hufunikwa na wingi wa mzigo. La mchaguaji halina pa kujificha, maana kila blauzi aliyonayo aliishika mwenyewe na alikuwa na hiari ya kuiacha.

Nenda Karume alfajiri, lile soko la Mchikichini pale Ilala, lililoungua Januari 2022 na kusimama tena. Utawaona wamesimama kimya, mifuko mitupu begani, tochi za simu zimewashwa. Wageni wa kazi hii huchukua chochote kinachong'aa, wakikumbatia rundo kifuani ili wakachambue baadaye pembeni. Mzoefu haokoti hovyo. Mkono wake unapita juu ya nguo, unashika, unaachia, unashika, unaachia, na kati ya kushika na kuachia hakuna hata muda wa kuvuta pumzi. Ukihesabu, anakataa nguo nyingi mno kwa kila moja anayoitupia begani. Kukataa huko ndiko kazi yenyewe, na ndiko mgeni asikokuona, kwa sababu macho yake yako kwenye kile kilichochukuliwa.

Tena kumbuka nguo hizo zimeshakataliwa mara ngapi kabla ya kufika pale. Mwenyewe wa kwanza, tuseme yuko Leeds au Toronto, alizitoa kabatini. Duka la hisani la huko likabakiza sehemu ndogo ya kuuza, zilizosalia zikauzwa kwa uzito. Kisha zikapita kwenye maghala ya kuchambulia, mengine huko huko Uingereza na Kanada, mengine Poland, mengine Sharjah, Karachi, au Kandla kule Gujarat. Humo wafanyakazi, wengi wao wanawake, husimama kwenye mkanda unaotembea na kuzitenga kwa aina, kwa kitambaa na kwa gredi, mafungu kwa mamia. Zenye majina makubwa na zile za kizamani zinazotafutwa Ulaya na Japani hutolewa. Makoti mazito yanaelekea nchi za baridi. Zilizochanika zinakatwa kuwa matambara. Kinachofika bandari ya Dar es Salaam kimepita kwenye mikono ya watu watatu au wanne, wote wajuzi, wote wakijichagulia kwanza.

Kwa hiyo mchaguaji wa Karume anatafuta uzuri katika mabaki ya wataalamu. Ingekuwa ni suala la kujua nguo tu, angekuwa ameshashindwa kabla ya kuanza, kwani mchambuzi wa Sharjah ameshika nguo nyingi kuliko yeye. Silaha yake ni nyingine. Yeye anamjua atakayeivaa, na yule wa Sharjah hamjui.

Lakini tuanze na mkono, maana alfajiri mkono hutangulia jicho. Chini ya taa ya simu bluu ya giza na nyeusi ni ndugu, na doa la chai hujificha kwenye maua. Kitambaa hakidanganyi. Anakifumbata kiganjani kwa nguvu, anakiachia: pamba na kitani hubaki na mikunjo, poliesta hurudi ilivyokuwa kama haikuguswa. Viskosi ni ya baridi, nzito kidogo, inateleza na kuanguka yenyewe kutoka mkononi, na ndiyo inayopendwa kwa magauni ya Dar kwa sababu inaachia hewa na inamfuata mvaaji anapotembea. Poliesta ya mikono mirefu anaifahamu kwa vidole viwili tu, na anaiacha hata ikiwa mpya kabisa. Mwenye kuuliza kwa nini apande daladala ya Mbagala saa kumi jioni mwezi wa Januari.

Akiwa na shaka, husubiri afike nyumbani. Huchomoa uzi mmoja ndani ya mshono na kuuwasha kiberiti. Pamba inanuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Poliesta inayeyuka na kuwa punje ngumu. Sufu inanuka nywele. Hili halimsaidii kwa nguo aliyokwisha kuinunua, bali linaufundisha mkono kwa ajili ya kesho, na baada ya muda kiberiti hakihitajiki.

Baada ya mkono ndipo jicho linapita, na linapita njia ile ile kila mara: kola, kwapa, pindo, ubavu. Kola ya shati huchakaa pale inapokunjika, na shati lenye kola iliyokwisha huonekana la kizee hata kama lililobaki ni jipya. Kwapani anatafuta ile rangi ya manjano inayotokana na jasho kuchanganyika na dawa za kuzuia jasho zenye alumini. Doa hilo si la kubahatisha. Ukilitia dawa ya klorini linaweza hata kukolea, na wanaojua hawapotezi sabuni. Kisha nguo inainuliwa kuelekea mwanga, juu ya kichwa, na hapo matundu madogo yaliyotobolewa na wadudu yanajitokeza. Mwisho anaishika mabegani na kuiacha ining'inie. Fulana nyingi za bei ya chini, baada ya kufuliwa mara kadhaa, hupinda: mshono wa ubavuni unahama na kuja tumboni. Hakuna pasi itakayourudisha. Mteja hataweza kusema kasoro ni ipi, ila akijitazama kwenye kioo ataona kitu hakijakaa sawa, atairudisha kwenye henga na kusema nitapita baadaye. Wote mnajua maana ya nitapita baadaye.

Nimekaa na mama mmoja wa Ilala akifanya kazi hii, na nikiri kwamba jicho langu lilikuwa linavutwa na lebo. Yeye lebo anaisoma mwisho, au haisomi. Anachotafuta ni ushahidi wa fundi aliyeishona. Mistari ya kitambaa inakutana kwenye mshono wa bega, au inapishana? Pindo ni pana kiasi cha kuweza kushushwa? Tundu la kishikizo limezungushiwa uzi mzito, au nyuzi zinachungulia? Kuna kishikizo cha akiba kimeshonewa ndani? Kiwanda kinachojali kishikizo cha akiba kwa kawaida kimejali na mengine. Lebo inaweza kuwa ya jina kubwa na nguo ikawa imeshonwa kwa haraka kwa ajili ya punguzo la bei, na siku hizi lebo bandia ni nyingi.

Aliachia blauzi moja ya krimu, kitambaa kizuri, haina doa, haina kasoro niliyoweza kuiona.

"Mama, hiyo nzuri, mbona unaiacha?"

"Nzuri kwa nani, mwanangu?"

Akanyoosha mkono wa blauzi ile, akanionyesha palipoungana na bega. Ilikuwa imekatwa kwa mtu mwembamba wa mikono, na mteja wake wa blauzi za krimu ni mwalimu. Mwalimu huandika ubaoni. Akiinua mkono blauzi itapanda yote, itatoka kwenye sketi, na wanafunzi hawana huruma. Basi ikarudi kwenye rundo, na mwingine akaidaka kwa furaha.

Tangu hapo nikaanza kusikia anavyonong'ona wakati wa kuchagua. Hii ya dada wa benki. Hii ya send-off. Hii ya mama mchungaji. Kila kipande kilichoingia begani kilikuwa na mtu, na mtu huyo hakuwepo pale. Wengine ni wateja wake wa miaka mingi, vipimo vyao anavyo kichwani pamoja na siku zao za mshahara. Wengine ni watu wa aina fulani tu ambao anajua watapita mbele ya meza yake: binti wa chuo anayetaka gauni la kuvaa kanisani na kwenye sherehe pia, kijana aliyeitwa kwenye usaili na hana suruali ya kitambaa, mama anayerudi kazini baada ya uzazi na nguo zake zote zimekataa. Kuchagua kwa ajili ya mtu asiyekuwepo, tena bila kumwuliza, tena gizani, tena ukisukumwa na viwiko vya wenzako, ni akili ambayo sijui tunaipimaje.

Maumbo yana elimu yake. Sketi nyingi za Ulaya zimekatwa kwa mwili ulionyooka, kiuno na nyonga havipishani sana. Ukichagua sketi ya kiuno cha mteja wako wa hapa, nyonga hazipiti. Ukichagua ya nyonga, kiuno kinapwaya. Anayejua huchukua ya nyonga, kwa sababu kiuno fundi anakipunguza kwa dakika kumi, lakini hakuna fundi anayeongeza nyonga pasipo na kitambaa. Kwenye jinzi atavuta kitambaa kwa upana aone kama kina spandeksi kidogo ndani. Namba za saizi zinamsaidia kiasi tu. Kumi na mbili ya Uingereza ni nane ya Marekani na arobaini ya nchi nyingi za Ulaya, na nguo ikifuliwa kwa maji ya moto miaka miwili hakuna namba inayobaki kuwa ya kweli. Ndiyo maana sokoni mteja huzungushiwa kiuno cha jinzi shingoni: ncha mbili zikikutana nyuma bila kulazimishwa, itamkaa. Shingo ya mtu, kwa makadirio, ni nusu ya kiuno chake. Hakuna chumba cha kujaribia na hakihitajiki.

Pia kuna yale yasiyopimwa kwa futi kamba. Gauni linaloishia juu ya goti litakaa kwenye henga, lakini mchaguaji akiliona gauni lile lile kama topu ndefu ya kuvaliwa juu ya suruali, limeuzika. Mikono mirefu ya kitambaa chepesi ina soko lake kwa wanaojisitiri, na soko hilo halilegei mwaka mzima. Nyeupe inapendwa lakini haiuziki haraka. Watu wanaishika, wanaisifu, wanawaza vumbi la njiani na maji ya kununua kwa ndoo, wanaiacha. Isipokuwa shati jeupe la shule.

Hapo ndipo kalenda inapoingia. Desemba, wakati wengine wanahangaika na magauni ya watoto ya Krismasi, mchaguaji mwenye akili ameshaanza kuweka pembeni mashati meupe, sweta za bluu na za kijani, viatu vyeusi vya kamba, kwa sababu shule zinafunguliwa Januari na mzazi wa wiki ile hana muda wa kuchambua. Sweta nzito zikionekana Karume mwezi wa nne, wapo wanaozikusanya huku wenzao wanawacheka. Hao wana ndugu Njombe, Makete au Mbeya, na Juni ikifika mzigo unapanda basi. Kabla ya Idi ni rangi za kung'aa, watoto kwanza. Na kila mwezi una mwezi wake ndani: tarehe 25 kuendelea unatoa nguo ya juu, tarehe 12 unaitunza na kutundika za elfu tatu. Nguo nzuri iliyoonyeshwa siku mbaya inazeeka. Wateja wakishaiona mara tatu ikiwa bado inaning'inia, wanaanza kujiuliza ina nini.

Viatu ni shule nyingine, na kuna wachaguaji wa nguo wasiothubutu kuvigusa. Raba inaweza kuwa safi, nyeupe, haijavaliwa hata mwezi, na bado ikawa imekufa. Soli nyingi za raba zina tabaka la poliyurethani, na kitu hicho hula unyevu wa hewa polepole hata kiatu kikiwa kimelala kwenye boksi. Miaka ikipita kinakuwa kama kimeoza kwa ndani. Mteja anakivaa Jumapili, anafika kituoni, soli inabaki barabarani vipande vipande. Kwa hiyo mjuzi wa viatu hatazami juu kwanza. Anageuza, anaikandamiza soli kwa ukucha wa dole gumba na kusubiri: ikirudi ni hai, alama ikibaki au ukitoka unga, anaiweka chini bila neno. Kisha anaipinda katikati na kusikiliza. Ndani anatazama kilalio, jinsi kilivyobonyea kisigino na vidole, ajue mwenyewe alikanyagaje. Kiatu kilicholiwa upande mmoja kitampinda na mvaaji wa pili. Mikoba ya rexini nayo ina ugonjwa unaofanana: inang'aa sokoni, na baada ya miezi michache ya joto la pwani inaanza kumenyeka. Wanaichunguza kwenye mikunjo ya mkanda, ndipo inapoanzia.

Halafu mashuka. Ukiniuliza kitu kimoja cha mtumba kisichokosa mnunuzi, nitasema shuka zito la pamba, hasa lile jeupe lililotumika hotelini. Mchaguaji wa mashuka hakunjui shuka lote, hana nafasi hiyo. Analikunja aipate katikati na kuielekeza kwenye mwanga, kwani shuka huisha pale mtu anapolala, kingo zikiwa bado mpya. Na lazima azifasiri futi. Vitanda vyetu vinauzwa nne kwa sita, tano kwa sita, sita kwa sita. Shuka la kuvalisha, lile lenye lastiki, likiwa la kitanda cha watu wawili cha Uingereza, limeshonewa godoro la futi nne na nusu kwa upana. Kwa tano kwa sita halifiki, kwa nne kwa sita linalegea. La kitanda cha huko kinachofuata kwa ukubwa, futi tano, linakaa. Asiyejua haya atanunua rundo la lastiki kwa bei nzuri na kulala nalo. Anayejua atachukua yaliyo bapa, ayapange jozi jozi kwa rangi.

Hesabu yake haiandikwi popote. Tuseme amechukua blauzi 30 kwa shilingi 4,000 kila moja, ametoa 120,000. Anazipanga kichwani kabla hajalipa. Kumi na mbili ni za 10,000, na hizo zikiuzika mtaji umerudi. Kumi za 7,000. Nane zitaishia 3,000, na anajua ni zipi. Kwa nini basi amechukua hizo nane? Kwa sababu meza yenye nguo nzuri tupu huwatisha wateja. Wanaikwepa wakidhani kila kitu ni ghali. Nane zile zinawasimamisha, wanaziuliza bei, na mikono yao inasogea yenyewe kwenye zile za juu. Nilipoelezwa hili nilihisi nimekuwa mteja wa kundi hilo kwa miaka yote.

Kazi haiishii kwenye kununua. Nguo za belo zina harufu yake, mchanganyiko wa ghala na dawa, na mikunjo iliyokaa miezi. Zinalowekwa, zinafuliwa, zinakaushwa kivulini ili rangi isife. Vijinundu vya sweta vinanyolewa kwa wembe mpya, polepole, kitambaa kikiwa kimetandazwa juu ya meza. Zipu iliyokwama inapakwa mshumaa. Kishikizo cha akiba kinapata kazi yake. Kisha pasi. Watoto wa kike wengi wameianzia kazi hii hapo kwenye pasi, nyuma ya mama au dada, na si bahati mbaya: anayepiga pasi nguo mia anajua mishono mia, anajua ipi inapinda na ipi inakaa, kabla hajaruhusiwa kugusa rundo hata siku moja. Akija kupelekwa alfajiri, kwanza atabeba mfuko. Kuchagua kutakuja baadaye.

Na mwalimu mkali kuliko wote ni nguo iliyokaa. Kila mchaguaji anazo chache ambazo hazikutoka, na wazuri hawazifichi chini ya meza, wanaziweka machoni pao. Koti zuri la sufu lililonunuliwa kwa mapenzi. Gauni la hariri ambalo kila mtu alilisifu. Zinawakumbusha kwamba walimpendezesha mtu mmoja tu, yaani wao wenyewe.

Kilichobadilika miaka hii ni kwamba vijana wameleta jicho jipya. Wapo wanaozunguka kutafuta vile ambavyo mama yule wa Ilala hawezi kuvigusa: fulana za zamani za bendi za muziki, jezi za mpira za miaka ya 1990, jinzi zilizopauka. Wanatazama pindo la fulana, kama limeshonwa kwa mstari mmoja wa uzi, jambo lililozoeleka hadi kwenye miaka hiyo ya 1990. Wanageuza kile kilebo chekundu cha Levi's waone kama herufi E imeandikwa kubwa, maana baada ya 1971 iliandikwa ndogo. Bei wanayoipata kwenye mtandao kwa fulana iliyochoka inawachekesha wakubwa zao. Lakini njia ni ile ile ya kina mama. Nao wanamchagulia mtu asiyekuwepo, isipokuwa mtu wao anaishi ndani ya simu. Gikomba, Nairobi, ambako vipande vya kwanza vya belo huitwa kamera na vya mwisho fagia, vijana wa namna hii wamefika mbali zaidi yetu, na wengine hupekua fagia kwa makusudi, wakijua kamera imechaguliwa kwa macho ya watu wazima.

Najua nyuma ya haya yote lipo jambo zito. Mtumba ulianza kuingia kwa wingi Tanzania katikati ya miaka ya 1980, mwishoni mwa zama za Mwalimu Nyerere, milango ya biashara ilipolegezwa, na viwanda vyetu vya nguo havikupona. Kiwanda cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa 1968, wengi wanakikumbuka kwa majengo yake tu pale Ubungo. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuusitisha mtumba kufikia 2019. Rwanda ikapandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola mbili na nusu kwa kilo, Marekani ikakasirika, na Julai 2018 ikaiondolea Rwanda nafuu ya kuuza nguo huko bila ushuru. Nchi nyingine zikawa zimesharudi nyuma. Hoja ya viwanda naiheshimu. Ninachokiona cha ajabu ni kwamba katika mabishano yale ya ushuru sijamsikia mtu akiwataja wachaguaji kama wajuzi. Mwenye kiwanda anayetaka kuwashonea Watanzania sketi zinazopita nyongani, na blauzi ambazo mwalimu anaweza kuinulia mkono, angeanza kwa kumwajiri mama wa Karume na kumpa kiti mezani pa mkataji.

Jioni rundo la asubuhi limebaki robo. Sauti zimebadilika, sasa ni jero jero, buku buku, na nguo zinarushwa juu ili zionekane. Mchaguaji wa alfajiri hayupo tena, lakini kuna mwingine, mama wa mtaani anayetafuta tatu za kuvaa nyumbani, na yeye anafumbata kitambaa kiganjani na kuachia, hakufundishwa na mtu. Kilichoshindikana kabisa kinawekwa kwenye viroba na kununuliwa na watu wa gereji. Msidhani hao wanabeba tu. Fundi wa magari anapekua kiroba hadi chini akitafuta fulana za pamba, kwa sababu poliesta hainywi oili, inaisambaza tu kwenye injini, na akikuta kiroba kimejaa poliesta anamwambia muuzaji wazi: "Hii peleka kwingine, bosi, mimi nataka pamba."